Siku Tanuru ya Nkanka Ilifungwa Midomo

Kamembe, tarehe 13 mwezi wa sita 2025

Yaya Feza,

Ni mimi mudogo wako, Bashige. Usishangae kuona karatasi. Unajua kwa simu mimi sina maneno, wewe unasema alo, alo, na mimi niko tu napumua. Kwa karatasi hakuna muntu ananiangalia. Barua nampa ule mama mwenye kuuzisha samaki ya sambaza, anarudi kwenu na mutumbwi. Gracia akusomee polepole, na asicheke mwandiko yangu. Mwalimu aliniacha mwaka wa tatu, ao mimi njo nilimuacha, sikumbuki.

Nilisha pata kazi. Sibebi tena muchanga. Niko nashika usukani mu boti ya bantu benye kupima hewa ya ziwa yote. Mashini yao iko sawa kreti ya soda, na jicho moja ya kioo, bameifunga pembeni ya boti inaangalia pwani. Kijana ya Bukavu njo anaichunga, jina yake Delphin. Aliniambia jua inapita mu hewa, na moshi inakula kidogo rangi ya ile jua, kila moshi na rangi yenye inapendaka. Mashini inatafuta rangi gani imeliwa. Nikamuuliza, na kama hakuna yenye imeliwa? Akasema, basi hewa ni safi.

Inachukua mustari moja moja. Boti inatembea, mistari inakaa pamoja, inakuwa picha. Juu ya ile napaswa kwenda sawasawa na polepole. Nikipindisha, picha yao inapinda sawa nguo ilipigwa pasi mubaya. Tena naangalia upepo. Upepo ikileta moshi ya moteri yetu mbele ya lile jicho, mashini inatuona sisi wenyewe, inafikiri Rwanda yote inaungua.

Mukubwa wa kazi ni Madame Uwamwezi. Ananiita Monsieur Bashige. Kila mara naangalia nyuma kama kuko muntu mwingine.

Tarehe 24 tutapita mbele ya kwenu, jua ikisha panda. Ambia bantu basiogope. Haioni sura ya muntu, haioni nyavu, haioni bintu ya forodha. Ukiona boti nyeupe inatembea sawa muntu mwenye mawazo, ni mudogo wako anaishika.

Bashige


Nkanka, tarehe 17 mwezi wa sita

Wewe mutoto wa mama,

Gracia alinisomea barua yako mara mbili, mara ya pili mbele ya bantu bote ba tanuru. Usikasirike. Habari kama hii hailali mu mufuko.

Papa Nzabonimpa, huyu mukubwa wetu wa association ya matofali, akasema, "Ile ni forodha. Banamudanganya mudogo wako. Bataona magendo mpaka ndani ya sanduku." Nikamuambia, "Papa Nzabonimpa, mu sanduku yako bataona nini? Suruali moja!" Bantu bakacheka, bengine bakaangusha matofali.

Lakini mimi nililia kidogo, nakuambia kweli. Wewe mwenye kuogopa hata kuomba chumvi kwa jirani! Tangu bwana yangu alikufa niko naamka na tanuru, nalala na tanuru, maganda ya muchele ya Bugarama, yenye tunachomea matofali, imejaa mu nywele, na hakuna siku nilikuwa na kintu ya kujisifu ku hii kilima. Leo mudogo wangu analeta Madame na mashini ya kuangalia hewa yetu.

Sikia, Bashige. Kwetu mugeni hapokelewi na moshi mu macho. Wewe shika usukani yako. Ile ingine uniachie mimi.

Tuko bazima. Gracia hakohoi tena.

Yaya yako Feza

Tonton, mjomba wangu, ni mimi Gracia. Mama alisema niandike sikohoi tena. Nimeandika. Ile mashini yenu iko na michezo sawa simu?


Kamembe, tarehe 25 mwezi wa sita

Yaya Feza,

Tulipita. Nilibaona bote. Mulikuwa mumesimama ku pwani na nguo ya misa, sawa munangoja askofu ashuke. Nzabonimpa alikuwa na koti, na ile joto! Wewe ulipunga kitenge. Delphin akaniuliza, "Bale ni bantu bako?" Nikasema ndiyo, masikio yangu ikawaka moto. Sikupunge. Mikono yote ilikuwa ku usukani. Lakini niliona.

Kisha baliniita kuangalia picha. Mu ile picha hewa mubaya inakuwa nyekundu, hewa muzuri inakuwa bleu, rangi ya mbingu. Upande ya Bukavu ilikuwa nyekundu sawa pilipili. Kamembe, fasi ya soko na magari, nyekundu na njano. Kisha ikafika Nkanka. Bleu. Bleu tu, sawa bantu hawaishi pale. Delphin akapiga muluzi. Madame akasema, "Hapa bantu banapumua muzuri." Nilifurahi juu yenu.

Lakini yaya, nilitafuta tanuru yenu na macho yangu. Niliona matofali imepangwa, sikuone moshi hata ya sigara. Mwezi wa sita njo wakati yenyewe ya kuchoma. Mulikosa kuni? Ao kuko shida na hautaki kuniambia? Niandikie kweli.

Bashige


Nkanka, tarehe 28 mwezi wa sita

Bashige,

Shida gani? Unauliza shida sawa muntu mwenye hakukule. Sikiliza vile tulifanya.

Tanuru tulikuwa tumeiwasha ile juma, moto ilikuwa katikati ya kazi. Nikaita bantu. Nikasema, Madame atapita na mudogo wangu, atuone sawa bantu ya kukaa mu jiko? Tuzibe. Nzabonimpa akaruka, "Feza, tanuru haizimwake katikati! Matofali itabaki mbichi!" Nikamuambia, "Basi wewe mwenyewe umupokee Madame na machozi mu macho." Ku mwisho yeye njo alikanyaga udongo na miguu. Tukaziba midomo yote ya tanuru, tukapaka na juu, sawa muntu anafunika sufuria. Ile asubui hata jiko hakuna mwenye aliwasha. Batoto bakakula viazi ya baridi, hakuna mwenye alilalamika.

Matofali, ndiyo, nusu inavunjika mu mikono sawa biskwi. Bantu balinung'unika kidogo. Lakini barua yako ilisomwa, bakasikia bleu, bakapiga makofi. Nzabonimpa anatembea anasema hapa si Nkanka tena, hapa ni Uswisi.

Uambie Madame akaribie siku ingine, atashuka, atakula.

Yaya yako Feza

Tonton, ni Gracia. Balipobomoa ile udongo, moshi yenye ilikuwa imefungwa ikatoka yote mara moja. Ikakuja ku nyumba. Nilikohoa mpaka Mama Micheline akakimbia kutoka kwake. Mama alinikataza kuandika hii. Sasa iko nje anachagua maharagwe, haoni.


Kamembe, tarehe 4 mwezi wa saba

Yaya,

Barua yako nilisoma mara mingi. Kuko kintu mimi sikukijue mbele. Kama ningelikijua, singeliandika tarehe.

Jana tulikuwa tunakula. Mimi nilikaa nyuma, fasi yangu. Delphin akamuuliza Madame zile picha zitafanya kazi gani. Madame akasema kuko tanuru ya namna mpya, na bomba ndefu, inakula kuni kidogo na moshi yake inapanda mbali, haishuki ku nyumba ya bantu. Mwaka hii kuko moja tu kwa pwani yote ya wilaya ya Rusizi. Itajengwa fasi picha itakuwa mubaya kupita zingine. Tena muganga ya kifua atapita ile fasi nyumba kwa nyumba, asikilize batoto. Delphin akaanza kutaja fasi. Akasema Nkanka. Madame akasema, "Hapana, kule ni bleu." Wakaenda ku jina ingine. Mimi nikabaki na kipande ya mukate mu mukono.

Yaya, unaelewa? Mashini ilipima ile asubui moja mulisafisha juu yangu. Siku zingine zote haizijui.

Nataka kumuambia Madame. Lakini sitaki kusema bila wewe. Na hata ukikubali, sijui nitapata sauti wapi.

Gracia, hii mustari ni yako, usimusomee mama. Unalalaka muzuri? Kifua inafanya nini?

Bashige


Nkanka, tarehe 8 mwezi wa saba

Bashige,

Mwenye kuandika leo ni Micheline, jirani yangu. Gracia amelala, ana homa kidogo. Micheline njo alinisomea barua yako, na alisoma yote, hata mustari yenye haikuwa yangu. Kumbe munaandikiana nyuma ya mugongo yangu. Mutoto yangu na mudogo yangu!

Hautasema kintu. Unanisikia? Bantu balipoteza matofali juu ya mudomo yangu. Bengine walikuwa balisha ahidi ile matofali kwa benye kujenga. Leo niende kubaambia ilikuwa bure? Tena si bure tu, ilitukosesha na tanuru mpya? Nitapitisha uso wapi ku hii Nkanka? Nzabonimpa atapata wimbo ya kuimba mpaka Noeli.

Na wewe fikiri. Madame atauliza nani alidanganya mashini. Bataambiwa ni yaya ya mushika usukani. Batakushusha ku boti, utarudi kubeba muchanga. Juu ya nini? Juu ya kikohozi? Kikohozi ni vumbi ya kiangazi. Kila mutoto hapa anakohoa. Mvua ikirudi inaisha.

Mutoto ni wangu. Nyamaza, sawa vile unajuaka kunyamaza.

Feza

Bashige, mimi Micheline niliandika yote sawa vile aliniambia. Sasa anaenda kuteka maji, na mimi naongeza yangu. Gracia halali hapa. Iko ku dispanseri tangu Jumapili, siku ya mungu, banamupa hewa na bomba mu pua. Feza anakaa naye muchana na usiku, anakuja tu kuangalia nyumba. Usimuhukumu. Anaogopa, njo maana anapiga kelele.


Kamembe, tarehe 10 mwezi wa saba

Yaya,

Nilisema.

Sikuweze kusimama mbele yake. Nilingoja tuko njiani, mikono ku usukani, macho ku maji. Madame alikuwa nyuma yangu anapangusa miwani. Nikaanza kusema nikiangalia mbele, sawa muntu anasema na ziwa. Nilisema tanuru, udongo, nguo ya misa, viazi ya baridi. Nilisema Gracia. Nilipomaliza, nilikuwa nimepindisha boti, tulikuwa tunaelekea Kongo.

Nikairudisha boti ku njia. Nikafikiri, basi, leo nashushwa ku boti. Kisha akauliza, "Nani aliwaambia siku?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Na mimi njo sikukuambia uifiche. Basi tulipima barua yako, Monsieur Bashige, hatukupime hewa." Akacheka kidogo, lakini si kicheko ya kuchekelea muntu. Akasema anafanya hii kazi fasi mingi, hajaona bantu ya kuzima tanuru juu ya mugeni. Hakuulize jina yako. Nilipoanza kuitaja, alinikatisha.

Tutapita tena. Aliniomba ahadi moja, nisimuambie muntu siku. Nikauliza, hata yaya yangu? Akasema, "Yeye wa kwanza."

Nimeahidi. Najua utasema mudogo wangu sasa ananificha. Ndiyo, nakuficha. Muchome sawa siku zote. Musizime, musiongeze. Ambia Nzabonimpa hivyo hivyo.

Uliniambia ninyamaze na sikukusikie. Ni mara ya kwanza. Kasirika, lakini kaa karibu na mutoto.

Bashige


Nkanka, tarehe 19 mwezi wa saba

Tonton Bashige,

Leo hakuna mwenye ananiambia cha kuandika. Nilirudi ku nyumba Jumatano. Banasema nisikimbie. Sikimbii.

Mama hataki kukujibu. Anasema ulimuvua nguo ku soko. Lakini barua yako alinisomesha kila siku, sawa rozari.

Papa Nzabonimpa alitaka kutupa mipira ya zamani ya magari ndani ya tanuru, moshi iwe nyeusi kabisa, tupate ile mpya. Mama alimunyang'anya mupira moja mu mikono! Akamuambia, "Ulisha danganya ile mashini mara moja!" Papa Nzabonimpa akasema, "Mimi? Si wewe?" Mama akasema, "Sisi bote. Na huyu mutoto mwenye kushika boti anaona kila kintu, alikuwa hivyo tangu akiwa mudogo, hasemi lakini anaona. Choma sawa siku zote ao rudi kwako." Sasa bote banajua ile mambo ya bleu, na hakuna mwenye alimucheka. Mama wa Mugwaneza, mwenzake wa ku tanuru, peke yake njo alisema kitu, na Mama Micheline akamujibu mpaka akanyamaza.

Kisha boti yenu ikakuja bila habari! Mama alikuwa anasukuma kuni mu mudomo ya tanuru, na ile kitenge yake yenye kupasuka, uso yote majivu. Papa Nzabonimpa hakukuwa na shati. Alikimbia sawa mbuzi. Mama akajificha nyuma ya matofali, akasema, "Yesu, si leo, si leo." Nikamuambia, Mama, Tonton anakuona tu. Akakaa pale. Kisha akatoka, akachukua kuni yake, akaendelea na kazi. Aliwapa mugongo, lakini alikuwa anageuka kidogo kidogo.

Sasa ananiita. Niambie picha ilikuwa rangi gani.

Gracia


Kamembe, tarehe 22 mwezi wa saba

Yaya Feza, na Gracia,

Ilikuwa nyekundu. Madame aliangalia, akaita Delphin, akaangalia tena. Nkanka njo ya kwanza sasa mu pwani yote. Tanuru mpya itakuja kwenu. Muganga ya kifua pia, yeye mbele. Bataleta habari kwa mukubwa wa kijiji, lakini nilitaka muijue kutoka kwangu.

Sasa nakuambia kintu ingine, na ile njo imenizuia kufurahi.

Mimi nilifikiriaka moshi inapanda inaenda zake. Mu ile picha haikupande. Ilitoka ku midomo ya tanuru, ikalala. Upepo ya ziwa ikaisukuma ndani, sawa muntu anasukuma ng'ombe, ikapita juu ya migomba, ikaingia mu lile bonde kidogo fasi ya nyumba yako, ikakaa pale. Nyumba zingine zilikuwa njano. Kwako ilikuwa nyekundu ya mwisho, Delphin alisema rangi ingine haiko. Tulirudi mara ya pili, ikakuwa vile vile.

Tanuru mpya itajengwa mbele ya kiangazi ya mwaka kesho. Lakini hii kiangazi ingali na sisi, na muko munachoma. Sikuombi uache kazi, mutakula nini. Nakuomba juu ya Gracia. Shangazi Védastine wa Gitambi ana nyumba kubwa na hana muntu, na kule hakuna tanuru. Akae mpaka mvua.

Mimi sina mutoto, sikufundishi kulea. Niliona tu.

Bashige


Gitambi, tarehe 26 mwezi wa saba

Mudogo wangu,

Gracia njo anaandika, tuko tumekaa nje kwa Shangazi Védastine. Shangazi anakusalimia, anauliza kama Madame mwenye kukuita Monsieur ameolewa. Nilimuambia anyamaze.

Barua yako nilipoisikia sikuiamini. Nilisema, mimi naishi pale, boti inapita tu, nani anajua kuliko mwingine? Siku ya pili asubui nikaenda kwa Nzabonimpa nikamuambia, twende ku maji. Akasema, kuvua? Nikamuambia, kuangalia. Akafikiri nimepata kichaa, lakini alichukua mutumbwi.

Bashige, tangu nililetwa Nkanka bibi arusi, sijaangalia kwetu kutoka ziwani. Nikienda soko Kamembe, naangaliaka mbele, nikirudi naangaliaka bintu yangu isilowane. Ile siku niligeuka. Bantu ba kazi walikuwa balisha ongeza maganda mu tanuru, sawa kila asubui, mimi mwenyewe njo nilibaambia. Moshi ikatoka. Ikatembea polepole kabisa, haina haraka, inajua njia. Ikashuka mu bonde. Nyumba za bengine nilikuwa naziona. Paa yangu ilikuwa inaonekana, inapotea, inaonekana, sawa kichwa ya muntu anazama.

Na pale ku mulango kulikuwa muntu anafagia. Nikamuuliza Nzabonimpa, yule ni nani iko ndani ya moshi hivyo? Akaacha kupiga kafi. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua.

Siku zote mimi niko pale, na sikuionake. Nilikuwa naona kikohozi, naona vumbi, naona kiangazi.

Nikamuambia turudi. Nzabonimpa akageuza mutumbwi, akaniuliza, na sauti ndogo yenye sijawahi kusikia kwake, "Nikufikishe wapi, Mama Gracia? Ku tanuru?"

Nikamuambia, "Ku nyumba. Nimuchukue mutoto."

Yaya yako Feza